Sharti la Wadha

Kijijini kwetu kiziwi si habari. Karibu kila nyumba inaye mmoja au wawili, na sisi tunaosikia tulijua kusema kwa mikono kabla meno ya utoto hayajang'oka. Mama yangu, Hajati Sabha, ni kiziwi, na mdogo wangu Suweilim pia. Mimi nasikia, bahati mbaya yangu, maana kila mwenye neno kwa wageni hunitanguliza nikawe mdomo wake.

Basi tulipokwenda kumposea Suweilim kule kusini, kwa watu wasio na kiziwi mwingine ila binti yao Wadha, hatukuwa na wasiwasi wowote. Kiziwi na kiziwi, tulisema, watashindwaje kuelewana? Ujinga wetu ndio huo. Tulidhani viziwi wa dunia nzima wanasema kama sisi.

Suweilim alikaa mbele ya binti, akaweka kilemba sawa, akaanza kumwaga maneno: jina lake, ngamia zake, kazi yake ya kuchomelea vyuma, na jinsi alivyoambiwa kwamba mchumba ni mzuri na kweli ameona ni mzuri. Wadha akaitazama mikono ile kama mtu anayemtazama mwenzake akifukuza nzi. Kisha akanigeukia mimi, uso wake ukiuliza huyu ana nini. Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Mama hakucheka.

"Hana lugha huyu," akaniambia kwa mikono. "Jikoni nitaongea na nani? Na masufuria?"

"Subiri kwanza, mama. Huenda anayo yake."

"Yake kaitoa wapi? Lugha mtu hufundishwa. Mimi nilifundishwa na shangazi yangu, tena kwa makofi."

"Na yule wa kwanza kabisa kijijini, alifundishwa na nani?"

"Na Mungu."

"Kwani huyu Mungu hamjui?"

Akanichapa kibao pajani. Hilo neno halihitaji mkalimani.

Lakini swali lilikuwa limeshaniwasha, na mimi nikiwashwa situlii. Viziwi wetu wa kwanza walikuwa ndugu wanne wa tumbo moja. Hawakuwa na mwalimu, sawa, ila walikuwa wanne. Mmoja akisema, mwingine hujibu. Wadha alikuwa peke yake miaka yote hiyo, katikati ya watu wanaotumia midomo tu. Mtu mmoja anaweza kuwa na lugha? Nilitaka kujua kama vile mtu anavyotaka kujua ugomvi aliousikia nyuma ya ukuta.

Upande wa wanaume, ng'ambo ya pazia, baba yake Wadha, Abu Nayif, alikuwa anamhimiza kadhi aliyeitwa kuandika ndoa. Ni mtu mkarimu wa kahawa, mchoyo wa subira.

"Andika, shekhe. Binti kakubali."

"Kakubali vipi?"

"Mimi si ndiye baba yake? Huyu anajua njoo, nenda, kateke maji. Zaidi ya hapo hamna kitu kichwani. Ndoa hata hajui ni nini."

"Kama hajui ni nini, nitaandikaje kwamba kakubali?" Kadhi akaweka kalamu chini. "Ishara ya bubu ikifahamika ni sawa na neno lake. Ikifahamika, Abu Nayif. Aje aniambie mwenyewe. Nisipofahamu, nafunga mkoba wangu naondoka."

Mama wa binti, Umm Nayif, alikuwa ameketi ubavuni kwangu. Akanishika mkono.

"Mkiondoka, dada yangu, mwanangu ataolewa na binamu yake, mzee mwenye wake wawili. Huko watasoma Fatiha na kula nyama. Hakuna atakayemuuliza kitu."

Nikaona kicheko changu cha mwanzo kilikuwa cha kipumbavu. Nilimwonea huruma yule mama, na nikaogopa.

Pazia likavutwa, Wadha akaja kuketi mbele ya kadhi. Mimi nikakaa kati, mkalimani wa lugha nisiyoijua. Nikamwonyesha Suweilim, nikamwonyesha yeye mwenyewe, nikaonyesha barabara tuliyokuja nayo, nikainua nyusi: unataka? Nyuma yangu Abu Nayif alikuwa akitingisha kichwa kwa nguvu, ndiyo, ndiyo, apate kuigwa. Binti hakumtazama.

Akalivuta sinia la kahawa. Akachukua kikombe kimoja, akakigusisha kifuani pake, akakiweka mkekani. Akachukua cha pili, akajipitishia kidole juu ya mdomo kuonyesha masharubu ya Suweilim, akakiweka kando ya kile cha kwanza. Halafu akavisukuma vyote viwili, polepole, kuelekea kwenye pikapu yetu iliyoegeshwa nje ya mlango.

"Haya! Si mmeona?" akasema Abu Nayif. "Kakubali. Andika, shekhe."

"Tulia," kadhi akamjibu. "Hajamaliza."

Wadha alikuwa na kikombe cha tatu mkononi. Hakukiweka. Alikiinua, akaupeleka mkono mbele, mbali, milimani kule, akatusubiri tufikirie. Si leo. Si kesho. Huko mbele. Kisha akakirudisha kidogo kidogo, kikija kwa mwendo wa madaha, kikitingisha kiuno, mpaka wanawake nyuma ya pazia wakaangua kicheko. Akakibandika ubavuni kwa kikombe cha Suweilim. Hapo hapo akanyakua kikombe chake mwenyewe, akainuka, akaenda nacho mpaka kwa mama yake, akaketi, akatugeuzia mgongo.

Hakuna aliyecheka tena.

Akarudi. Kile cha tatu akakiondoa, akakiweka nje ya mkeka. Chake akakirudisha palepale, kando ya mwenzake. Akamtazama kadhi usoni, akaweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa.

Nikamgeukia kadhi. "Anasema, nitakwenda naye. Siku akiniletea mke mwenza, narudi kwa mama. Asiponiletea, nimekubali."

"Nimefahamu kabla hujafungua mdomo," akasema kadhi, akaokota kalamu.

Mimi nilikuwa bado nimevikodolea macho vile vikombe. Kuonyesha maji kwa mtu mwenye kiu ni rahisi. Maji yapo na kiu ipo. Lakini huyo mke mwenza hakuwapo popote. Hajazaliwa pengine. Wadha alikuwa amesema jambo ambalo halijawa, na huenda lisiwe kamwe, na akaliweka sharti. Sisi tulirithi namna ya kusema hivyo kutoka kwa waliotutangulia. Yeye aliirithi kwa nani?

Suweilim hakuniuliza tafsiri. Alikiokota kile kikombe cha tatu, akainama kwa adabu, akamkabidhi mwenye nyumba. Mama akanigusa bega.

"Huyu jikoni atanishinda kwa maneno," mikono yake ikasema, na nilimwona amefurahi. "Mwambie kadhi aandike upesi."

Abu Nayif alibaki na kikombe mkononi, uso umemwiva. Chumba cha pili mtoto mchanga alikuwa akilia, mtoto wa mke wake mdogo. Alimgeukia Umm Nayif.

"Ni wewe. Ni wewe uliyemfundisha mambo haya."

"Sikumfundisha," Umm Nayif akasema. Hakupandisha sauti. "Tangu umlete mwenzangu humu ndani, mwanao anakuuliza kwa vikombe hivi hivi, kila asubuhi. Na kila akikuuliza, wewe unamjazia kahawa."