Namba Zilizoganda Wodini

Siku ya kubadilisha waya mkubwa wa umeme hospitalini, fundi wa programu waliyempachika jina la Chiriku, maana mdomo wake haupumziki, alikaa mbele ya kompyuta ametulia kama maji ya mtungini. Angeongea nini? Mama yake mzazi alikuwa amelazwa wodini, kitanda cha dirishani, kifaa kikimhesabia mapigo ya moyo. Na hesabu hizo zilipitia kwenye draiva, yaani programu ndogo ya kuongoza kifaa, aliyoiandika yeye mwenyewe.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Skrini ya wauguzi, ambayo ndiyo pekee hulia mgonjwa akizidiwa, iliendeshwa na mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na bati wala nyaya zake, inayoishi ndani ya kompyuta kubwa. Habari mpya ikifika kutoka vitandani, kadi ya mtandao ya mashine hiyo huipigia draiva kengele. Draiva huchukua mzigo, kisha huiambia kadi, "Haya, nimepokea, lete mwingine." Bila neno hilo kadi haipigi tena, ng'o! Basi mashine ikalazwa usingizi na kila ilichokuwa inakikumbuka, mafundi umeme wakafanya yao, ikaamshwa.

"Imeamka!" Bosi wake alipiga makofi. "Ona, namba zote hizo hapo. Chiriku, wewe kiboko!"

Chiriku alikodolea macho namba ya mama. Sabini na mbili. Akasubiri. Sabini na mbili. Akasubiri tena, jasho likimtoka kwapani. Moyo wa mtu hauko hivyo. Akikohoa unapanda, akisinzia unashuka.

"Mungu wangu," alisema. "Zimeganda."

Alijua papo hapo alipovuruga. Katika kuiamsha mashine, aliiruhusu kadi kupiga kengele kabla hajaiweka draiva tayari kusikia. Mezani kwake, kwenye majaribio, hakuna aliyetuma habari wakati mashine inaamka, kwa hiyo kosa halikuonekana. Wodini mioyo haikungoja mtu. Kadi ilipiga, hakuna aliyesikia, na sasa kadi inangoja kujibiwa, draiva inangoja kuitwa, huku skrini ikionyesha mapigo ya kabla ya usingizi.

Alimpigia muuguzi wa zamu.

"Dada, niangalizie mama yangu, kitanda cha dirishani!"

"Mama mzima, mbona? Namba yake nzuri tu."

"Achana na skrini, dada, nakuomba! Nenda kamwangalie kwa macho yako!"

"Unatia watu kiwewe bure," Bosi alinong'ona. Chiriku hakumjali. Roho ilikuwa mkononi. Alisikia viatu vya muuguzi vikikokoteka sakafuni, polepole mno, utadhani dada yule anatafuta sindano.

"Huyu hapa," muuguzi alicheka. "Anachana nywele. Haya, ongea naye."

Machozi yalimtoka Chiriku hadharani bila aibu. Aliibana simu begani, akaanza kuandika amri ya kuilazimisha draiva ikague mzigo kwenye kadi bila kungoja kengele.

"Mwanangu," mama alisema, "huyu mwenzangu wa kitanda cha pili mbona simsikii akikoroma?"

Chiriku akakosea herufi. Akafuta, akaandika upya. Kwenye simu muuguzi alipiga yowe, "Daktari! Jamani, daktari!" na kitu cha chuma kikaanguka. Chiriku akabonyeza.

Namba zote zikashtuka kwa pamoja. Mama, themanini na moja. Themanini. Kitanda cha pili, ishirini na tisa, nyekundu, ikilia. Ishirini na saba. Ishirini na saba. Ilichukua muda mrefu sana hadi ikawa thelathini na moja, kisha arobaini, kisha hamsini na kitu, ikapanda kwa kusuasua.

"Wamemuwahi," mama alisema kwenye simu, akihema. "Chupuchupu. Eti muuguzi anasema namba ziliganda zote. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

"Zote?"

"Zote."

"Sasa mbona umemwambia aje kwangu tu?"

"Nilikuwaza wewe, mama. Sikumuwaza mwingine yeyote."

"Na huyu mwenzangu ana binti," mama alisema. "Amesimama hapa mlangoni. Msikie." Akaielekeza simu upande wa kilio.