Ufunguo wa Kopo la Sukari

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimewafukuza madereva walevi kwa mdomo wangu huu huu, na kuna mwenye lori aliyeniita mchawi kwa kuwa nilimshushia boriti ya barabarani mbele ya pua akakosa kupita. Lakini tangu ile siku ya mvua, kengele ya daraja ikilia, naacha kikombe nikatoke mbio kutazama barabara. Nasema mapema ili mtu asidhani nasimulia haya nikijisifu. Ya kujisifu hayamo.

Kazi yangu ilikuwa kufunga barabara. Daraja letu ni la kuzunguka: meli ikija, daraja zima linageuka taratibu juu ya nguzo ya katikati, na pale palipokuwa na lami panabaki hewa tupu, na maji huko chini. Kwa hiyo kila upande una kizuizi, boriti ndefu ya chuma iliyopakwa nyekundu na nyeupe. Upande mmoja, penye chumba cha mitambo, alikaa mwendesha daraja, mtu wa miaka arobaini tunayemwita Kapteni kwa sababu hajawahi kupanda hata mtumbwi. Upande wa ng'ambo nilikaa mimi, Mama Pacha, na kiti changu cha plastiki.

Waliolijenga daraja lile hawakutuamini, na walijua walichokuwa wanafanya. Boriti yangu ina kufuli, na kufuli hilo haliachii ufunguo mpaka boriti iwe imeshuka na kulala sawasawa mahali pake. Ya Kapteni vilevile. Naye hawezi kuvuta wenzo wa kuzungusha mpaka funguo zote mbili, wake na wangu, ziwe ndani ya ubao wa chumbani kwake. Maana yake meli ikija nashusha boriti, nafunga, nachomoa ufunguo, natembea daraja zima nikihakikisha hakuna mtu wala mbuzi aliyebaki, namkabidhi Kapteni mkononi. Meli ikipita, narudi nao. Mara sita kwa siku, jua liwake vipi, kwa magoti haya.

Mwaka ule nilichoka. Nikaukandamiza ufunguo kwenye kipande cha sabuni ya kufulia, nikakipeleka kwa fundi wa funguo, nikamwambia ni wa ghala. Akanichongea wa pili huku akipiga mluzi. Kapteni alisita siku mbili, ya tatu akakubali, maana yeye mwenyewe alikuwa amechoka kunisubiri nikijikokota. Ule wa kuchonga tukauficha chumbani kwake ndani ya kopo la sukari. Kuanzia hapo sikutembea tena. Nilishusha boriti, nikafunga, nikambipu kwa simu. Mlio mmoja, nakata. Mlio mmoja maana yake barabara imefungwa, zungusha. Mlio wa kusema subiri hatukuwa nao. Hatukuwahi kuuhitaji, tukaona mambo yamenyooka.

Sasa mume wangu. Ni fundi cherehani, duka lake liko upande wangu wa daraja, nyumba yetu iko upande wa Kapteni. Kila siku saa saba anafunga duka, anapanda baiskeli, anakwenda nyumbani kula. Masikio yake yalianza kuziba zamani, na sasa ukitaka kumwambia chumvi imeisha, jirani wa tatu anajua kwako hakuna chumvi. Ndani ya nyumba yetu hakuna siri hata moja, na watu wamezoea. Akipita kwenye boriti yangu ananipungia, namwambia asimalize mboga yote, anaitikia "nzuri, nzuri." Meli ya mchana ilipita saa tano kila siku. Yeye alipita saa saba. Hawajawahi kukutana.

Siku ile mvua ilinyesha tangu asubuhi, nzito, ya upepo. Meli ikachelewa. Saa saba kasoro kidogo Kapteni akanipigia kwamba imeshaonekana, nifunge. Simu yangu ilikuwa na chaji ya kuombea dua, maana dada yangu alinishika asubuhi nzima akinieleza habari za wakwe zake, nami sikumkatiza kwa kuwa nilitaka kujua mwisho wake.

Boriti ikagoma. Kuna pini inayoishikilia juu. Ilikuwa imeota kutu na mvua ikaikamata kabisa. Nikachomeka hendeli, ule mpini wa chuma wa kuishushia, nikazungusha kwa nguvu zangu zote, wapi. Nikazunguka nyuma ya nguzo ya boriti, nikapiga magoti kwenye tope niione vizuri, mgongo nikaupa barabara. Taa nyekundu ya juu ya nguzo ilikuwa imeungua miezi miwili. Barua tuliandika, majibu tunayangoja mpaka leo. Nikaona haiwezekani, nimwambie Kapteni asubiri. Nikampigia. Simu ikaita mara moja, ikazima.

Nikaitazama ile simu nyeusi mkononi. Labda nilivuta pumzi tatu kabla sijaelewa nimefanya nini. Mlio mmoja.

Kengele ikaanza kulia.

Kwa mvua ile Kapteni hakuiona boriti yangu, haoni hata nguzo. Yeye alisikia mlio, akafungua kopo, akatia ufunguo, akavuta wenzo, kama tulivyofanya mara mia. Nikasikia daraja linajing'oa kutoka ukingoni, ile sauti yake ya chuma kusaga chuma. Nikawa najiinua nikasimame katikati ya barabara nizuie magari kwa mikono, na magoti yakawa yanajivuta, na wakati huohuo kitu kikapita nyuma yangu, kimyakimya, kikinirushia maji.

Baiskeli. Juu yake koti la mvua la turubai ya kijani lenye kiraka cha njano mgongoni. Koti lile alilishona mwenyewe kwa turubai kuukuu, na mimi nilimcheka kwa kile kiraka wiki nzima. Duniani hakuna mwingine mwenye koti hilo.

Nikamwita. Nikamwita kwa jina lake, kwa jina la pacha wetu mmoja, la mwingine, nikamwita kwa matusi. Mtu hawezi kunisikia nikiwa naye mezani, atanisikia ndani ya mvua ile, kichwa kimezama kwenye kofia ya koti? Kutoka kwenye boriti hadi ukingoni ni hatua thelathini. Nikakimbia. Mbele yake nililiona pengo: kwanza upana wa kiganja, halafu wa meza, halafu wa chumba. Yeye alikuwa ameinama, mkono mmoja kwenye usukani, kwa kidole cha mkono mwingine anafuta miwani yake. Meli ikapiga honi mpaka nikaisikia kwenye meno. Hakugeuka. Nilijua namuona anakufa, na kwamba nimemuua mimi ili nisitembee.

Hendeli ilikuwa bado mkononi mwangu. Sikujua kama ninayo mpaka nilipoirusha.

Ilimpata kwenye bega. Akaanguka ubavu, akateleza na maji. Baiskeli ikaendelea peke yake, imenyooka, kana kwamba kuna mtu bado anaiendesha, ikafika ukingoni ikatoka. Sikusikia ikianguka. Nilipomfikia, mguu wake mmoja ulikuwa unaning'inia nje ya lami. Nikakamata lile koti kwa mikono miwili, nikaketi, nikamvuta, nikakaa vilevile nimemshika mpaka meli yote ikapita mbele yetu, dirisha kwa dirisha. Alikuwa ananiuliza ni kitu gani kimempiga. Nilikuwa nimejikojolea, na nalisema kwa kuwa ni kweli.

Mfupa wa bega ulivunjika. Hospitali wakamfunga mkono kifuani, wakasema amshukuru mkewe. Kabla hata hatujatoka, habari zilikuwa zimeenea: Mama Pacha amemwokoa mumewe kwenye kinywa cha mauti. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji mkuu. Kila mteja aliyeingia dukani alihadithiwa, na kila alipohadithia, hatua nilizokimbia ziliongezeka na hendeli ikazidi uzito. Watu wananipa mkono. Kinyozi wa jirani akaapa hatakubali pacha wangu walipe tena kunyolewa. Na mimi natabasamu, jasho la baridi linanitiririka mgongoni.

Maana wakaguzi walikuwa wamekuja. Walitaka kujua jambo moja tu: daraja limezungukaje na ufunguo wa ng'ambo uko kwenye kufuli lake? Kabla hawajaingia, Kapteni alinishika mkono chumbani kwake, akanitia kiganjani kitu chenye chembe za sukari.

"Dada, wewe una watoto wawili chuoni," akasema. "Mimi sina hata paka."

Akawaambia wakaguzi kwamba aliuchokonoa ubao kwa bisibisi. Wakamsimamisha kazi siku ileile, mambo mengine yakafuata taratibu. Nami nikanyamaza. Hapo hapo, nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nikanyamaza.

Bosi akanieleza kwamba Jumatatu nitasomewa barua ya pongezi mbele ya wafanyakazi wote. Usingizi ukanihama. Mchana nilikaa kwenye kiti changu na kila kengele nilidhani inamlilia mtu. Nilianza kutembea daraja tena, kila meli, hakuna aliyeniambia, nikirudi nyuma mara mbili mbili kutazama kama kuna mtu. Ule ufunguo wa kuchonga niliutia kwenye mfuko wa gauni, mfuko alionishonea yeye, na nilikuwa naogopa utagonga kitu ukalia, ingawa yeye asingeusikia. Nilimwogopa yeye kuliko wakaguzi. Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu tuoane.

Jumamosi nilikuwa dukani kwake. Kwa mkono mmoja mzima alikuwa anachora kwa chaki kitambaa cha bluu alichokitandaza mezani, gauni langu la kuvaa Jumatatu. Alikataa katakata msaidizi wake asiliguse. Kapteni akapita nje. Akasimama mlangoni, akasalimia. Mume wangu akamgeuzia mgongo, akaniambia nikamweleze mwuaji yule asisalimie tena dukani kwake. Kapteni alisikia. Mtaa mzima ulisikia, maana mume wangu naye, kwa kuwa hasikii sauti yake mwenyewe, husema kwa sauti ya mnadani. Kapteni akaniangalia mara moja tu, akainama, akaanza kuondoka.

Nikasema, "Ni mimi."

Nilisema polepole, kama mtu mwingine yeyote angesema jambo la aibu. Yeye akaendelea na chaki yake. Hapo ndipo nilipoona ugumu wa maisha niliyoyachagua: kwa mume wangu, hata toba lazima ipigiwe kelele. Kwa kinyozi kulikuwa na watu wanne, bombani kulikuwa na foleni ya wanawake na ndoo zao. Nikautoa ufunguo mfukoni, nikauweka juu ya kitambaa cha bluu. Bado ulikuwa na sukari kwenye meno. Nikapaza sauti.

"Ni mimi. Ufunguo niliuchonga mimi, ili nisitembee. Daraja lilifunguka kwa mlio wa simu yangu. Kapteni amenifichia siri."

Mashine ya kinyozi ikanyamaza. Bombani maji yakawa yanamwagika juu ya ndoo iliyojaa. Yeye anachora tu, mstari mrefu wa kiuno. Nikarudia, safari hii nikipiga mayowe, nikilia, makamasi yananitoka, maneno yaleyale, mpaka koo likakauka. Kapteni alikuwa amesimama katikati ya barabara.

Mume wangu akaweka chaki chini.

"Nilikusikia ulipopaza sauti mara ya kwanza," akasema. "Nilitaka nione kama utarudia."

Akautia ufunguo mfukoni mwake, akatoka nje, akampa Kapteni ule mkono mzima, wakashikana. Mimi hakunitazama.

Jumatatu nilisema yaleyale mbele ya wafanyakazi, kabla bosi hajafungua bahasha. Kazi nimeipoteza, na nilistahili. Kufuli zimebadilishwa, Kapteni amerudi kwenye wenzo wake, na ng'ambo wamemweka mwanamume mwenye miguu mirefu. Siku hizi nashona vifungo dukani. Gauni la bluu alilimalizia, nalivaa, mfuko hakuliwekea.

Ikifika saa saba, anafunga duka, anatoa baiskeli aliyoazima kwa mdogo wake, lakini haipandi mpaka tuvuke. Anaikokota, natembea ubavuni kwake. Hajaniambia kwamba amenisamehe, wala sijathubutu kumwuliza. Tukifika kwenye boriti anasimama, kila siku, anavua kofia ya koti, ananiuliza, "Njia iko wazi?" Boriti iko juu, lami imeungana, anaiona vizuri kabisa kwa miwani yake. Anangoja nijibu mimi. Nami natazama kwanza, natazama tena, halafu najibu kwa sauti ya juu, mpaka aseme amesikia.