Jasho la Rayford Guillory

Jioni moja ya Agosti, Cleotha Batiste alilowesha taulo kwenye sinki la seli yake, akaitandaza sakafuni, akajilaza juu yake apoze joto, kama wafanyavyo wafungwa wa Louisiana wakati wa kiangazi. Rayford Guillory akapita katikati ya nondo za mlango uliofungwa, akaketi kwenye kitanda chake cha zamani. Alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia. Bado alitokwa na jasho.

"Huko nako kuna joto?" Cleotha aliuliza.

"Huko hakuna kitu, kaka. Hili nimetoka nalo hapa."

Askari wa zamu alipohesabu wafungwa akakuta mmoja kazidi. Akampunguza kwenye hesabu, akaendelea na raundi yake.

Cleotha alikuwa amejisomea sheria kwenye maktaba ya gereza, maana wakili hakupata. Akafungua kesi dhidi ya mkuu wa gereza kwa niaba ya mwenzake. Aliandika kwamba siku Rayford alipozidiwa na joto walipiga nondo wote wawili wakiomba maji na daktari, mpaka sauti zikawakauka, na askari alikuja baada ya moyo wa Rayford kusimama. Mahakama ikajibu kwamba asiye wakili haruhusiwi kumsemea mwingine. Aliyeumia asaini mwenyewe.

Rayford akasaini. Karatasi ililowa, lakini karani akaipokea.

Jaji aliwasikiliza kwa video. Akamuuliza Rayford kama, kabla ya kwenda mahakamani, alipeleka malalamiko yake kwa uongozi wa gereza ndani ya muda uliowekwa.

"Muda huo nilikuwa mochwari, mheshimiwa."

"Pole sana. Ulipeleka au hukupeleka?"

"Sikupeleka."

Jaji akaitupilia mbali kesi, akamshukuru kwa kuhudhuria.

Cleotha hakugusa chakula siku hiyo. Alisema watakata rufaa. Rayford akamwomba apumzike kwanza.

Kitanda cha Rayford akapewa mfungwa mpya, Theron Mouton, fundi magari mwenye kisukari, mtu wa utani mwingi. Alilala upande wa ukutani, Rayford akijibana pembeni, na asubuhi alilalamika tu kwamba shuka limelowa. Kiangazi kilichofuata, naye walimtoa kwa machela, uso umefunikwa.

Siku chache baadaye akarudi kupitia nondo, shati limemganda mgongoni. Rayford akamsogezea nafasi.

"Malalamiko ulipeleka kabla hujafa?" Cleotha alimuuliza.

"Nilipeleka."

"Wakasemaje?"

"Nisubiri majibu."

Cleotha akainuka sakafuni, akamwachia taulo.