Mama wa Bwana Tahadhari Agoma Kuhama

Mlima ulipoanza kutoa moshi, wa kwanza kufurahi alikuwa ofisa wa maafa wa mji ule, ingawa furaha yenyewe aliificha. Watu walimwita Bwana Tahadhari, na si kwa heshima. Miaka nenda rudi aliwahubiria habari za volkano, nao wakipiga miayo. Aliwahi kuwahamisha wote, mlima ukalala fofofo, na waliporudi wakakuta wezi wamebeba hata milango.

Safari hii ardhi ilitetemeka mpaka vikombe vikagongana kabatini. King'ora cha mji kilikuwa bubu: betri zake zilikuwa zimeazimwa kwa ajili ya hotuba ya waziri kuhusu umuhimu wa ving'ora. Bwana Tahadhari akapanda gari la ofisi na kipaza sauti, akazunguka mtaa kwa mtaa mpaka sauti ikamkauka, akiwataka watu wahamie shule iliyo ng'ambo ya mto.

Watu wakafunga virago. Kisha wakavifungua. Kinyozi wa mtaani ndiye aliyemweleza bila kumumunya maneno.

"Bosi, mama yako mzazi anaanika nguo. Huo mlima ungekuwa na neno, wewe ungemwacha hapo?"

Akakimbilia nyumbani. Mama alikuwa uani, anakung'uta majivu kwenye shuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kama umekuja na yale maneno ya kwenye gari, nimeyasikia. Mtaa mzima umeyasikia."

"Safari hii ni kweli."

"Na ile nyingine ilikuwa nini?"

Akamwonyesha ramani; Mama akasema ile rangi nyekundu imempendeza. Akataja sheria, Mama akauliza kama atamfunga pingu yeye mwenyewe au atatuma mtu. Akapiga magoti. Mama akamwambia ainuke, anachafua suruali.

Akiwa ameshakata tamaa, simu ikaita. Alikuwa msimamizi wa shule.

"Shangazi amefika?" Bwana Tahadhari akamuuliza. "Haya, mpe chumba cha mwalimu mkuu, ndicho chenye kitanda."

Shuka likamponyoka Mama.

"Nani kapewa kitanda?"

"Shangazi, Mama. Mgongo unamsumbua."

Shangazi huyo ndiye wifi yake Mama, na wawili hao walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu msiba wa baba, wifi alipokalia kiti cha mjane na kukataa kubanduka.

"Yaani yeye alale kitandani, mimi nifie hapa, halafu aje kukaa mbele kwenye msiba wangu? Washa gari!"

Mtaa ulipomwona Mama akipanda gari na ndoo zake, ubishi ukaisha. Kufika jioni walikuwa wamebaki kuku tu. Alfajiri mlima ukapasuka, na mapaa ya mtaa ule yakaporomoka kwa uzito wa majivu. Hakufa mtu. Bwana Tahadhari alisimama kwenye uwanja wa shule, akawatazama watu wake wakigombania foleni ya chai, akalia kama mtoto.

Baadaye wakaja kujifunza wageni kutoka nchi tajiri, zenye mitambo ya kupima hata pumzi ya ardhi. Waziri akawaambia siri ni uwekezaji katika ving'ora. Mgeni mmoja hakuridhika.

"Kwetu onyo linafika kwenye kila simu, na bado watu hawaondoki. Nyinyi mliwezaje?"

Bwana Tahadhari akamtazama waziri, kisha akamtazama mama yake aliyeketi safu ya mbele, kiti kimoja mbele ya wifi yake.

"Tulishirikisha familia," alisema.

Wageni wakaandika haraka haraka, kisha wakaomba mtaalamu wa kwenda kuwafundisha. Akaenda waziri.

Bwana Tahadhari alibaki na koleo, akizoa majivu pamoja na majirani. Kinyozi akamsogelea.

"Bosi, mlima umetulia sasa, au bado?"

Zamani angejibu kwa hotuba.

"Sijui," alisema.

Kinyozi akaokota koleo jingine.

"Basi ukijua, uniambie mimi kwanza."