Wimbo wa Ng'ambo ya Mto

Kiyotaka Nishiwaki alitunga muziki wa mchezo mmoja wa video, enzi zile mashine zikiweza kutoa sauti tatu tu kwa pamoja. Alitungia nyumbani kwake Osaka, na mkewe Naoe, aliyekuwa fundi cherehani, akausikia majira yote ya baridi. Sehemu ya kwanza, ya mbweha anayerukia mawe kuvuka mto, ilimjia upesi. Ya pili, ya mbweha akishafika ng'ambo, ilimtoa jasho. Aliibadilisha mpaka akakonda, na Naoe akahamishia cherehani jikoni, kichwa kikimgonga.

Mchezo ukatoka, ukauzika. Kiangazi joto lilibana, watu wakaacha madirisha wazi, na wimbo ukaanza kushuka kutoka kwa jirani wa juu, Mama Inagaki, mjane aliyestaafu kazi ya kukata tiketi stesheni. Mchezo aliwanunulia wajukuu, wakaja kutembea, wakaenda zao, ukabaki naye. Kila siku mbweha wake alifika jiwe la mwisho, akatumbukia, na wimbo ukaanza upya. Ng'ambo hafiki.

"Mwenzangu, nenda kamvushe huyo mama," Naoe alisema wakiwa mezani, tambi zimemshinda kula. "Akivuka, angalau tutasikia kitu kingine."

Kiyotaka akapanda ngazi, akajieleza kuwa yeye ndiye mtunzi. Mama Inagaki akafurahi, akamwekea chai baridi ya shayiri. Lakini Kiyotaka alipoomba kidude cha kuchezea ili amwoneshe namna ya kuruka, alinyimwa.

"Mimi si wa kushikwa mkono, Bwana Nishiwaki. Kaa utazame."

Akakaa. Mbweha akazama, akazama tena. Wimbo ule ule ukamchosha mwenyewe aliyeutunga, kope zikawa nzito. Kisha, bila kutarajiwa, mbweha akaruka akatua ng'ambo. Sehemu ya pili ikaanza, taratibu, kama alivyoitaka. Kiyotaka aliinamisha kichwa. Hakuwahi kuisikia nyumbani kwa mtu mwingine.

Mama Inagaki akasikiliza kidogo, akapunguza sauti ya mchezo.

"Hii inalegeza mwili," akasema. "Ile ya mwanzo ndiyo yako, eti?"

Akamjibu kwamba zote ni zake. Mama wa watu akaona haya, akainama kuomba radhi, akamwongezea chai. Hata hivyo akamrudisha mbweha mtoni, makusudi, azame. Alieleza kwamba wajukuu waliruka wakiicheza ile ya mwanzo mpaka sakafu ikatikisika, na nyumba ikiwa kimya yeye huitaka hiyo.

Kiyotaka alishuka pole pole. Naoe alimuuliza kama mama amevuka.

"Kavuka. Halafu karudi."

Naoe alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka, akafunga dirisha, akamgeuzia feni. Joto likawabana humo ndani. Wimbo ulisikika bado, kwa mbali kidogo, nao wakaketi wakamalizia tambi zao.