Mishubiri Miwili

Duka la miche lilipofunguliwa, Bi Mbolea ndiye aliyepewa meza ya ushauri, pale mlangoni. Mwenye waridi lililoota ukungu, mwenye mlimau uliogoma kuzaa, wote walielekezwa kwake. Nyumbani wanawe hawakumsikiliza hata kidogo, lakini pale watu wazima walimsikiliza kwa adabu. Meza ile ndiyo ilikuwa heshima yake.

Kisha bosi akampeleka msichana wa kaunta kwenye mafunzo ya mimea. Akarudi na cheti, wenzake wakambatiza Kozi. Na wateja, watu wasio na shukrani, wakaanza kuchungulia: "Yule dada wa kozi yupo?" Bi Mbolea alitabasamu huku roho ikimuuma kama jino bovu. Kicheko cha yule binti kilimkera. Hata viatu vyake vilimkera.

Bosi akasema meza moja haiwezi kuwa na wenyewe wawili. Akachukua mishubiri miwili iliyorudishwa na wateja ikiwa hoi, vyungu vyeusi vya kufanana, akaandika jina la mwenyewe chini ya kila chungu. Wa Kozi akauweka dirishani, wa Bi Mbolea kwenye rafu ya mbolea.

"Atakayeufufua wake, meza ni yake."

Dirishani, kwenye jua! Upendeleo wa waziwazi, Bi Mbolea alijisemea.

Mshubiri hautaki kubembelezwa. Ukiuacha na kiu yake unajiponya wenyewe. Hilo alilijua kabla Kozi hajaota meno. Kwa hiyo wake aliuacha, hata kuutupia jicho hakuutupia. Macho yote yalikuwa dirishani. Kila jioni, wenzake wakienda kubadilisha nguo, alijifanya anafunga mabomba, akaumwagilia ule wa dirishani mpaka udongo ukawa uji.

"Kunywa, mwanangu," alinong'ona. "Kunywa ushibe."

Nafsi ilimsuta kidogo, lakini wivu ulipiga kelele zaidi.

Siku ya kuamua ilipofika, mshubiri wa dirishani ulikuwa umelala chali, shina limeoza, linanuka. Wa rafuni ulisimama wima, majani yamejaa. Bi Mbolea akaanza kupangusa meza yake. Bosi akainua vyungu, akasoma chini.

"Huu uliooza ni wako, Bi Mbolea."

"Haiwezekani! Wangu ni wa rafuni!"

Kozi aliinamisha kichwa. "Niliibadilisha nafasi siku ileile tuliyopewa, dada. Wako ulikuwa hoi kuliko wangu, nikaona bora upate jua. Nilidhani umeona." Akagusa udongo wa ule uliooza. "Kila asubuhi nilikuta udongo umelowa chapachapa. Nilitaka kukwambia, nikaogopa. Mimi ni nani nikufundishe wewe?"

Bosi akamgeukia Bi Mbolea. "Miaka yote hii, hujui mshubiri hautaki maji?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Alijua kuliko wote waliosimama pale, na ndiyo maana aliumwagilia. Angelisema hilo, ujuzi wake ungebaki, lakini roho yake ingeanikwa hadharani. Kozi alikuwa anamtazama kwa huruma, huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi.

"Sikujua," akasema.

"Si neno, dada." Kozi akazunguka nyuma ya meza, akamvutia kiti cha wateja. "Kaa hapa, nikuonyeshe."

Bi Mbolea akakaa.