Sina Neno

"Mwenzangu, siku ukiulizwa mbele za watu, utasema, au utatuachia dua?"

Ndivyo Mama Maziwa alivyomuuliza Mshonaji siku moja, akimalizia chai yake kando ya cherehani. Mshonaji alicheka, pini zikiwa mdomoni.

"Dua itatangulia," akajibu, "maneno yatafuata."

Wakati huo habari zilikuwa zimeshaenea. Shamba la marehemu Mzee Kofia lingekatwa viwanja vya nyumba, maana wanawe walikaa mjini na jembe walilijua kwa jina tu. Vigingi vyekundu vilianza kuota katikati ya mabua ya mahindi. Majirani walinung'unika, kila mtu na lake. Huyu alihofia mashimo ya vyoo kuchimbwa juu ya kisima, yule malori na vumbi. Mama Maziwa alikuwa na moja tu: njia ya ng'ombe. Ilikatiza shamba lile hadi bwawani tangu enzi za mama mkwe wake. Ikifungwa, ng'ombe watakunywa nini, machozi yake?

Wakakubaliana Mshonaji awasemee. Alikuwa mjane mcha Mungu, hana ugomvi na mtu, na tena alipakana na shamba. Mpimaji wa viwanja alishawaambia: jirani wa mpaka akipinga, kazi inasimama mpaka watu wasikilizane.

Mkutano ulifanyika darasani, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakitafuta videvu. Mama Maziwa alikaa nyuma ya Mshonaji. Mwenyekiti alipofungua, akasimama mtoto mkubwa wa Mzee Kofia, na kabla ya kutaja viwanja akamgeukia mjane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nikikuona namkumbuka baba. Siku ile tunamkimbiza mzee wako hospitali, kichwa chake nilikipakata mimi."

Ilikuwa kweli. Gari bovu la Mzee Kofia ndilo lililopita kwenye matope siku ambayo magari mazima yalikataa, na kijana huyu, hajaota ndevu bado, alimpepea mgonjwa njia nzima. Mshonaji akamwona tena mumewe, midomo ikitikisika bila sauti. Kisima, vyoo, njia ya ng'ombe, vyote alivyovipanga usiku kucha vikamkauka kinywani.

"Haya, mama wa mpakani," akasema mpimaji, kalamu mkononi. "Una neno?"

Akasimama. "Mimi... wanangu... sina neno."

Alitaka kusema kwamba maneno yamemkimbia. Mpimaji akasikia kama wasikiavyo wapimaji.

"Jirani wa mpaka hana neno!" akatangaza. "Tuendelee."

Mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata, kwa kuwa makofi huambukiza kama miayo.

Mshonaji akabaki amesimama. Nafasi ilikuwepo bado. Ilitosha kusema, "Ngoja, sikukubali." Lakini kijana alikuwa akimtazama macho yamelowa, na mjane akaona haya kumkana mbele ya watu. Nitamweleza mwenyekiti pembeni, akajiambia. Akakaa. Alipokwenda kumweleza, mwenyekiti alikuna kichwa.

"Mama, lile la mkutanoni limeshapanda ngazi. La pembeni nilipeleke wapi?"

Waya za uzio zikafungwa kuzunguka shamba kabla mvua hazijaanza. Mama Maziwa hakuonekana muda mrefu. Alipokuja, alikuja kuchukua gauni aliloacha lipunguzwe.

"Karibu, mwenzangu, keti."

"Nimesimama, inatosha."

"Najua umekasirika. Lakini walinielewa vibaya. Niliposema sina neno, Mungu shahidi, nilikuwa nimekosa la kusema."

"Ungekohoa basi. Ungelia. Ungeanguka hata, tukubebe."

Mshonaji akajaribu kutabasamu. Mwenzake hakutabasamu.

"Mimi nilikuelewa," akasema Mama Maziwa taratibu. "Nilikuwa nyuma yako, nimeiona shingo yako inavyotetemeka. Nikasema huyu kakabwa, atapumua kidogo, atasema. Nikangoja. Ukakaa."

Mshonaji akachomoa pini iliyosahaulika kwenye gauni.

"Na wewe mbona hukusema?" likamtoka, akajuta papo hapo.

"Nisingesikilizwa. Mimi si wa mpakani. Ndiyo maana tulikutuma wewe."

"Nisamehe. Kesho nitakwenda kwa yule kijana mwenyewe. Nitamwomba atuachie hata upenyo wa ng'ombe mmoja mmoja."

"Ng'ombe gani?"

Mshonaji akainua uso.

"Wameondoka na mnunuzi asubuhi hii," akasema Mama Maziwa. "Mtamba alikuwa akigeukageuka kunitazama."

Mshonaji akalikunja gauni vizuri, ukingo juu ya ukingo, kama atakayepata nafuu kwa unyoofu wa mikunjo. Akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Mwenzangu, sema lolote. Nitukane hata."

Mama Maziwa akalipokea gauni, akalipachika kwapani, akainama kidogo chini ya kizingiti, akatoka bila kusema neno.